Shuleni, kijiji kizima au kwa konokono: kulinganisha njia za kudhibiti kichocho na minyoo kwa jicho la uchumi wa afya

Anayepanga bajeti ya kudhibiti kichocho na minyoo ya tumbo huwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ni kingatiba shuleni, yaani dawa kutolewa kwa wote bila kumpima kila mmoja kwanza: walimu wanawapa watoto dawa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Ya pili ni kingatiba kwa jamii nzima, ambapo wagawa dawa wanapita nyumba kwa nyumba na kumpa kila anayestahili, mtoto kwa mtu mzima. Ya tatu inahusu kichocho peke yake, nayo ni kumfuata konokono majini, kwa sababu bila konokono vijidudu vya kichocho haviwezi kukamilisha safari yao kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Nambari inayotangulia kwenye vikao ni gharama kwa kila mtu aliyetibiwa. Kwa nambari hiyo shule hushinda mara nyingi. Majengo yapo, walimu wapo, watoto wamekwisha kukusanyika, na dawa nyingi ni za msaada. Ukiishia hapo umechagua njia bila kuuliza fedha zinanunua nini. Nataka tuzilinganishe upya njia hizi kwa maswali mawili ambayo wataalamu wa uchumi wa afya huyarudia: nani hasa amebeba minyoo, na kila shilingi ya ziada inaongeza afya kiasi gani juu ya ile tuliyokwisha kuipata.

Minyoo haifanani

Swali la kwanza lina majibu tofauti kwa kila mnyoo. Minyoo mviringo na minyoo mjeledi hujazana zaidi kwa watoto. Mtoto wa shule ya msingi mara nyingi ana mzigo mkubwa kuliko mzazi wake, kwa hiyo dawa ikitolewa darasani inagonga pale minyoo ilipo. Minyoo ya safura ina tabia nyingine. Maambukizi yake huongezeka kadiri mtu anavyokua, na hubaki juu utu uzimani. Mkulima anayekanyaga udongo wenye viluwiluwi, na mama mjamzito ambaye damu yake inapungua polepole, wote wako nje ya rejista ya shule. Ukitibu watoto peke yao katika eneo la safura, unawaacha watu wazima waendelee kuchafua udongo uleule ambao watoto watautembelea kesho.

Kichocho kiko katikati. Kilele chake huwa kwa watoto wakubwa na vijana wanaobalehe, lakini wavuvi, wanawake wanaofua mtoni na wakulima wa mpunga huendelea kuambukizwa maisha yao yote. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 ulibadilisha msimamo wa muda mrefu. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2001 lilikuwa limeweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini. Mwongozo mpya unapendekeza kwamba mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, kingatiba itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo.

Pendekezo hilo ni zuri, ila lina gharama yake na lazima isemwe wazi. Dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, hufuata uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na tembe moja ina miligramu 600. Mtoto wa kilo 30 anameza tembe 2, mtu mzima wa kilo 60 anameza 4. Kuongeza mtu mzima mmoja kwenye orodha ni sawa na kuongeza watoto wawili. Albendazoli ya minyoo ya tumbo haina tatizo hilo: tembe moja ya miligramu 400 inatosha mtoto wa shule na baba yake. Kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu nauli na posho, kuihamisha kingatiba kutoka shuleni kwenda kwa jamii nzima ni ghali zaidi kwa kichocho kuliko kwa safura.

Kwale ilituonyesha nini

Ulinganisho bora ninaoujua kati ya shule na jamii nzima ni utafiti wa TUMIKIA, uliofanyika Kwale, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 2015 na 2017. Jina hilo ni kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Maeneo 120 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: kutibu shuleni mara moja kwa mwaka, kutibu jamii nzima mara moja kwa mwaka, na kutibu jamii nzima mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, maambukizi ya safura katika jamii yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 pale palipotibiwa shuleni. Palipotibiwa jamii nzima mara moja, yalishuka kutoka 17.9 hadi 8.0. Palipotibiwa mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2. Kwa safura, basi, ubishi kuhusu njia ipi inapunguza minyoo zaidi umekwisha. Linalobaki ni bei ya tofauti hiyo, na hapa ndipo mahesabu mengi yanapoteleza.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye nambari za duara ili kila mtu aweze kufuata kwa kalamu na karatasi. Nambari hizi hazikutoka Kwale. Eneo lina watu 10,000. Gharama nimeziandika kwa vizio tu, bila sarafu.

| Njia | Gharama kwa mwaka | Wanaotibiwa | Gharama kwa mtu | Maambukizi yaliyozuiwa | Gharama kwa kila ambukizi |
|---|---|---|---|---|---|
| Shule, mara 1 | 1,000 | 3,000 | 0.33 | 300 | 3.3 |
| Jamii, mara 1 | 4,500 | 8,000 | 0.56 | 1,000 | 4.5 |
| Jamii, mara 2 | 8,000 | 8,000 | 1.00 | 1,350 | 5.9 |

Angalia kwanza mtego mdogo. Mstari wa tatu ukiusoma kwa kila dozi iliyotolewa badala ya kila mtu, unapata 0.50, yaani nafuu kuliko 0.56 ya mstari wa pili. Sababu ni kwamba mafunzo ya wagawa dawa na orodha ya kaya vinalipiwa mara moja na kutumika mara mbili. Ripoti ikikuonyesha gharama kwa dozi, kutibu mara mbili kutaonekana nafuu kuliko kutibu mara moja, ingawa bajeti imekaribia kuwa maradufu.

Mtego mkubwa uko kwenye safu ya mwisho. Tuseme wizara imeridhia kulipa hadi vizio 7 kuzuia ambukizi moja. Njia zote tatu zinaonekana kupita: 3.3, 4.5, 5.9. Lakini hizo ni wastani, na wastani unaficha hatua za katikati. Kutoka shule kwenda jamii mara moja, unaongeza vizio 3,500 na kuzuia maambukizi 700 zaidi, yaani vizio 5 kwa kila moja. Inapita. Kutoka mara moja kwenda mara mbili, unaongeza tena 3,500, lakini safari hii unazuia 350 tu zaidi. Hapo kila ambukizi linakugharimu vizio 10. Haipiti, na wastani wa 5.9 ulikuwa umeificha hali hiyo kwa kuazima unafuu wa hatua zilizotangulia.

Kwa mtazamo wangu hili ndilo jambo la kwanza la kumwuliza yeyote anayekuletea andiko la mradi. Asikuonyeshe njia yake ikilinganishwa na kutofanya lolote. Akuonyeshe ikilinganishwa na njia ya nafuu inayofuata chini yake. Andiko linaloruka hatua hiyo linaweza kufanya karibu kila kitu kionekane cha thamani.

Je, kutibu wote leo kutatuokolea fedha kesho?

Watetezi wa kutibu jamii nzima wana hoja inayovutia: tukitibu kwa nguvu miaka michache tutakata mzunguko wa maambukizi, kisha tutaacha, ilhali shule itaendelea kutoa dawa vizazi na vizazi. Tuijaribu kwa mfano uleule. Shule inagharimu 1,000 kila mwaka kwa miaka 30, jumla 30,000. Jamii nzima inagharimu 4,500 kwa miaka 5, kisha 200 kila mwaka kwa ufuatiliaji kwa miaka 25, jumla 27,500. Inaonekana tumeokoa.

Sasa tufanye kama wachumi wafanyavyo, tupunguze thamani ya fedha za baadaye kwa asilimia 3 kwa mwaka, kiwango kinachotumika sana katika tafiti za afya. Gharama ya shule inakuwa takriban 19,600. Ya jamii nzima inakuwa takriban 23,600. Akiba imetoweka, kwa sababu gharama za jamii nzima zinakuja mapema na gharama za shule zimetawanyika mbali mbele yetu.

Naieleza hesabu hii kwa sababu naipenda njia ya jamii nzima na sitaki itetewe kwa hoja dhaifu. Hoja yenye nguvu ni afya: watu 700 zaidi wasio na minyoo kila mwaka, wakiwemo wanawake ambao mpango wa shule hauwafikii. Hoja ya akiba inategemea sharti gumu kwamba mzunguko utakatika kweli na hautarudi. Kwale yenyewe, hata kwa kutibu mara mbili kwa mwaka, asilimia 6.2 walibaki na safura baada ya miaka miwili. Prazikwanteli nayo haiui vijidudu vichanga vya kichocho. Inaua vilivyokomaa tu, na mtu akirudi kwenye maji yaleyale anaweza kuambukizwa upya wiki hiyohiyo. Mpango unaoahidi kuacha dawa mwaka wa sita uandikiwe pia bajeti ya mwaka wa sita ambao dawa haikuachwa.

Gharama zisizoandikwa

Dawa za magonjwa haya nyingi ni za msaada. Kampuni ya Merck ya Marekani ilianza kutoa ivermektini bure mwaka 1987 kwa ajili ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha. Merck KGaA ya Ujerumani, ambayo ni kampuni nyingine kabisa, imekuwa ikitoa prazikwanteli tangu 2007 na iliahidi hadi tembe milioni 250 kwa mwaka. Kampuni ya GSK imekuwa ikitoa albendazoli, na Johnson & Johnson mebendazoli, dawa nyingine ya minyoo ya tumbo. Katika vitabu vya hesabu vya serikali dawa hizo huingia kama sifuri.

Mchumi hawezi kuziacha kwenye sifuri. Tembe iliyotolewa hapa haitatolewa kwingine, na msaada unaweza kupungua. Ndiyo maana tafiti nzuri hutoa hesabu mbili: fedha zilizotoka mfukoni mwa mpango, na gharama halisi kwa jamii, dawa za msaada zikiwa zimepewa bei. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni kubwa zaidi kwenye njia ya jamii nzima, hasa kwa kichocho, kwa sababu ya zile tembe 4 za mtu mzima. Isitoshe, misaada ya prazikwanteli ilielekezwa kwanza kwa watoto wa umri wa shule. Halmashauri inayofuata mwongozo wa 2022 bila kuhakikisha dawa za watu wazima zitatoka wapi itajikuta na wagawa dawa waliofunzwa na makasha yasiyotosha.

Gharama nyingine isiyoandikwa ni siku za watu. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, APOC, uliofanya kazi kuanzia 1995 hadi 2015, ulijengwa juu ya jamii kujigawia dawa zenyewe kupitia watu waliochaguliwa na vijiji vyao. Ulifika mbali, hadi vijiji ambavyo hakuna zahanati, na nauhesabu kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya afya ya umma barani. Lakini mgawa dawa anayetembea siku kumi msimu wa kupalilia ameacha shamba lake siku kumi. Ukiandika sifuri, umefanya mpango uonekane nafuu kwa kumtoza mtu maskini kuliko wote katika mnyororo. Halafu mwaka wa tatu anajitoa, idadi ya waliofikiwa inaporomoka, na tathmini inasema jamii imekosa mwamko.

Walimu nao wana siku zao. Kingatiba shuleni hula muda wa masomo, mara nyingi siku moja au mbili ukijumlisha mafunzo na orodha. Ni kidogo ukilinganisha, lakini si bure.

Shule na kipato cha baadaye

Njia ya shule ina turufu ambayo nyingine hazina: ushahidi kwamba dawa ya minyoo hubadilisha maisha ya mtoto nje ya afya. Ushahidi huo ulizaliwa Busia, magharibi mwa Kenya. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zilizoingizwa kwenye mpango kwa awamu kuanzia 1998, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto wasiomeza dawa walinufaika kwa sababu minyoo ilipungua kwa majirani zao. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019.

Mwaka 2015 takwimu zao zilipitiwa upya na watafiti wengine, makosa yakapatikana, na tafsiri ya matokeo ikabishaniwa vikali. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyojumuisha majaribio mengi yalisema athari ya kuwapa watoto wote dawa kwa lishe, damu na masomo ni ndogo au haionekani kwa wastani. Mabishano hayo yalipewa jina la vita vya minyoo, na kwa kweli yalifanana na vita. Kisha mwaka 2021 kundi la Busia likatoa matokeo ya miaka 20: waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa utotoni walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na kipato kwa saa cha juu kwa asilimia 13.

Nimesoma pande zote mbili kwa muda mrefu, na hivi ndivyo ninavyoupima ubishi huu. Pande hizo zilikuwa zinajibu maswali tofauti. Cochrane inauliza wastani wa mahali pote, pakiwemo pale ambapo minyoo ni michache. Busia ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wenye angalau aina moja ya mnyoo. Eneo lako likifanana na Busia ya 1998, matumaini ya faida hiyo ni ya haki. Likiwa na asilimia 15, usiibebe nambari ya 14 kutoka Busia na kuipandikiza kwenye andiko lako. Na kwa kuwa dawa ni ya gharama ndogo sana, hata ukiipa faida hiyo uwezekano mdogo wa kuwa ya kweli mahali pako, kutibu shuleni bado kunaweza kulipa.

Lakini tahadhari moja muhimu kwa ulinganisho wetu: Busia ililinganisha dawa na kutokuwa na dawa. Haikulinganisha shule na jamii nzima. Mtoto anapata dawa katika njia zote mbili, hivyo faida hiyo ya kipato haiwezi kutumiwa kuipendelea shule dhidi ya jamii nzima. Huitumia tu anayechagua kati ya kutibu na kutotibu.

Kipimo kinachowasahau wanawake

Tafiti nyingi hupima faida kwa DALY, yaani miaka ya maisha yenye afya iliyopotea kwa kifo cha mapema au kwa kuishi na ugonjwa. Kipimo hiki kilienea baada ya Benki ya Dunia kukitumia mwaka 1993. Kinasaidia kulinganisha kichocho na malaria au kifua kikuu kwa lugha moja. Tatizo liko kwenye uzito unaopewa kila ugonjwa. Kichocho kilipewa uzito wa takriban nusu ya asilimia, kana kwamba mwenye kichocho amepoteza sehemu moja kati ya mia mbili ya afya yake. Mwaka 2005 mtafiti Charles King na wenzake walirudia kupima kwa kuhesabu upungufu wa damu, maumivu, kuharisha na kushindwa kufanya kazi, wakapendekeza asilimia 2 hadi 15.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Uzito ukipanda mara nne, gharama kwa kila DALY inashuka kuwa robo, na mpango uliokuwa umekataliwa unaweza kupita bila dawa wala daktari kubadilika. Halafu kuna kichocho cha sehemu za siri za wanawake, ambacho WHO imekuwa ikikadiria kimegusa wanawake na wasichana wapatao milioni 56, wengi Afrika. Huleta vidonda, maumivu, kutokwa damu na ugumba, kinahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo mwanamke huongezewa aibu juu ya maumivu. Modeli nyingi, yaani hesabu za kukadiria mwenendo wa ugonjwa na faida ya tiba, zimekuwa zikikiacha nje.

Kuacha madhara kama hayo nje ya DALY kunaipendelea shule, kwa sababu yako zaidi kwa watu wazima. Ukiona utafiti unaosema tofauti ya faida kati ya shule na jamii nzima ni ndogo, rudi kwenye jedwali la uzito uone kama mwanamke wa miaka 30 amehesabiwa humo.

Konokono

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa njia hii karibu kila mara hutumika pamoja na dawa, mara chache peke yake.

Historia yake ni nzuri. Japani ilimaliza kichocho chake kwa kazi ya miongo mingi iliyojumuisha kuua konokono na kusakafia mifereji ya mashamba kwa zege, na bonde la Kofu lilitangazwa huru mwaka 1996. Zege ni ghali mara moja, kisha linakaa. Kunyunyiza niklosamidi, dawa ya kuua konokono, ni nafuu kwa mara moja lakini lazima irudiwe, na huua samaki, jambo ambalo wavuvi hawalipuuzi na hesabu isilipuuze.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Zanzibar. Mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba uligawa shehia 90 (vitengo vidogo vya utawala) katika makundi matatu kuanzia mwaka 2012: dawa mara mbili kwa mwaka peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Miaka mitano baadaye maambukizi yalikuwa yamepungua sana katika makundi yote, lakini tofauti kati ya makundi haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Kwa swali letu la shilingi ya ziada, hilo ni jibu gumu kwa konokono: pale ambapo dawa zinafika kwa wengi na maambukizi yameshashuka, nyongeza ilikuwa ndogo mno kuonekana. Modeli nyingine zinaonyesha kinyume kwa maeneo yenye maambukizi makali, ambako watu hurudi majini kila siku na dawa peke yake haishiki. Nadhani yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake.

Senegali imefungua mlango mwingine. Watafiti waliondoa mimea ya majini ambayo konokono huishi, wakaona watoto wanaambukizwa upya kwa kiwango cha chini, kisha mimea hiyo ikageuzwa mboji na chakula cha mifugo. Udhibiti wa konokono unaorudisha fedha kwa mkulima hubadilisha hesabu yote, kwa sababu sehemu ya gharama inalipwa na mazao. Lakini unahitaji maji yenye mimea hiyo na watu wenye nguvu za kuivuta.

Ukitakiwa kuchagua

Kama tatizo lako kuu ni minyoo mviringo na mjeledi, na watoto wengi wanahudhuria masomo, anza shuleni na usione haya. Ni chaguo zuri, na fedha zinazobaki zitumike kuwatafuta watoto wasiosoma, ambao mara nyingi ndio wenye minyoo mingi zaidi.

Kama ni safura, nenda kwa jamii nzima mara moja kwa mwaka. Kwale inatosha kuniridhisha. Kutibu mara mbili kungoje hadi uwe na gharama zako mwenyewe za hatua hiyo ya pili, si wastani wa jumla.

Kama ni kichocho na maambukizi yamefika asilimia 10, jamii nzima ndiyo ninayoipendelea, kwa sharti kwamba dawa za watu wazima zimeahidiwa kwa maandishi na kwamba posho ya wagawa dawa imo kwenye bajeti. Bila masharti hayo mawili, mpango wa shule unaotekelezeka kila mwaka utawasaidia watu wengi kuliko mpango wa jamii nzima unaokufa mwaka wa pili. Konokono waongezwe pale ambapo vijiji vimetibiwa miaka kadhaa, asilimia kubwa wamemeza dawa, na maambukizi bado hayashuki. Vijiji vya namna hiyo vipo, na kuongeza mzunguko wa dawa peke yake huko kumekuwa na matunda kidogo.

Kabla ya yote hayo, tenga fedha za kupima kinyesi na mkojo wa watu wazima wachache katika vijiji vichache. Maeneo mengi yana takwimu za wanafunzi tu, kwa sababu ni rahisi kuwapima. Ukiwa na takwimu za wanafunzi peke yao, modeli yoyote utakayoiendesha itakuambia ugonjwa uko shuleni.